Kwa Daraja au kwa Mto

Bwana Kesang, muuza tangawizi wa nchi ya Lamdora, hakuwa na mjomba serikalini. Hakuwa na picha ya kutundika dukani inayomwonyesha akimwinamia Rais. Hakuwa na ugonjwa wenye cheti cha daktari, wala shamba la mbali la kukimbilia, wala shemeji mwenye bunduki. Hakuwa na kashfa yoyote, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kusema kwamba hafai kutumwa. Na lililomponza kuliko yote, hakuwa na kipaji cha kushindwa. Kila msimu tangawizi yake ilivuka daraja kwenda nchi jirani ya Sankhiri, na kila msimu watu wa Sankhiri waliinunua yote wakauliza nyingine.

Nchi hizo ziko Asia, kule ambako milima imesongamana hata taifa moja likipiga chafya jirani yake huitikia. Msihangaike kufungua ramani. Wachoraji wa ramani waliambiwa waombe kibali kwanza kabla ya kuzionyesha, na kibali chao bado kinashughulikiwa. Katikati ya nchi hizo unapita mto wa maji meusi yaendayo kasi, na juu ya mto lipo daraja moja la mbao.

Upande wa Sankhiri alikuwako Bi Sumali, mjane mwenye tanuri la kuchomea sahani za kauri. Yeye na Bwana Kesang walikutana katikati ya daraja, wakabadilishana mizigo, kisha kila mmoja akarudi kwao kuuza mali ya mwenzake.

"Sahani zako mwaka huu zimenenepa, Bi Sumali. Nitazibeba kwa tembo?"

"Afadhali sahani zangu. Tangawizi yako imekonda kama mwenye mali."

"Mwenye mali amekonda kwa kusimama juani akikungoja wewe."

"Basi kaa, nikupe chai, nisije nikaambiwa nimeua mtu wa nchi nyingine."

Hivyo ndivyo uhusiano wa kibiashara wa mataifa hayo mawili ulivyoendeshwa kwa miaka mingi. Wafanyabiashara wadogo wadogo wakawa wanafuata nyuma yao, huyu na kitambaa, yule na chumvi. Biashara ilikwenda vizuri, jambo lililowashtua sana wakubwa, maana hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuianzisha.

Kasoro hiyo ilibidi irekebishwe. Serikali mbili zikaitisha mkutano, na Waziri wa Ujirani Mwema wa Lamdora, Mheshimiwa Dakta Tolbeg, akapanda jukwaani akiwa na hotuba iliyobebwa na wasaidizi wawili.

"Ndugu wananchi," alisema, "hadi jana biashara yetu na majirani zetu ilikuwa yatima. Ilitembea kwa miguu yake yenyewe, bila sera, bila mwongozo, bila wimbo. Leo imepata wazazi! Kuanzia leo hakuna tangawizi itakayovuka mto huu ikiwa mpweke!"

Watu walipiga makofi, kwa sababu waliosimama nyuma yao walikuwa wameshaanza kupiga.

Mkataba uliosainiwa siku hiyo ulifufua mila ya kale ya milima ile. Zamani, koo mbili zilipotaka kufanya biashara, kila ukoo ulimpeleka mtu wake akale na kulala kwa ukoo wa pili msimu mzima. Akirudi amenawiri, watu walijua biashara ni salama. Aliitwa mgeni wa dhamana. Ilikuwa mila nzuri, na ingeendelea kuwa nzuri kama wanasheria wasingeitia mikono. Wao waliongeza kifungu kimoja tu: kwamba biashara ikikua, mgeni wa dhamana atarudishwa kwao kwa daraja, kwa ngoma na vifijo, na biashara ikishuka, atarudishwa kwa mto.

Mwandishi mmoja wa habari aliinua mkono kuuliza kurudishwa kwa mto maana yake nini. Mkono ule ulishushwa kwa upole na watu wawili wenye miwani myeusi, na mwenye mkono akaenda nao.

Ikabaki kazi ya kumpata mgeni. Wakurugenzi wa wizara, ambao kila safari ya nje huigombea mpaka wakararuana makoti, safari hii waligundua kwamba wote wana wagonjwa nyumbani. Mmoja alileta barua ya mganga kwamba hewa ya ng'ambo humvimbisha miguu. Mwishowe Waziri akakata shauri: apelekwe mfanyabiashara halisi, tena aliye bora kuliko wote, ili jirani asije akadhani amedharauliwa.

Ofisa wa wizara na askari walikwenda nyumbani kwa Bwana Kesang asubuhi, wakiwa na maua. Mkewe, Pemala, ndiye aliyefungua mlango, na alipoona maua mikononi mwa askari alisimama katikati ya kizingiti.

"Hongera, mama," alisema ofisa. "Mume wako amepata heshima."

"Heshima gani hiyo? Mume wangu hajaomba heshima."

"Ndiyo maana amepewa."

Pemala akamgeukia mumewe, aliyekuwa bado ana kikombe mkononi. "Baba Diki, waambie unaumwa."

"Naumwa wapi?"

"Popote! Chagua!"

Lakini Bwana Kesang, kama nilivyokwisha kusema, hakuwa na cheti. Akavaa koti lake la sikukuu, na mkewe akamfungia mikate katika kitambaa huku machozi yakimdondoka juu ya mikate, na ofisa akaandika kwamba familia imelia kwa furaha.

Sasa, Sankhiri nayo ilikuwa na wakubwa wake, na wakubwa wale nao walikuwa wamefikiri vilevile kabisa. Walitafuta mfanyabiashara wao aliye bora kuliko wote. Ndiyo maana Bwana Kesang alipofika katikati ya daraja, akiwa kati ya safu mbili za askari na bendi mbele yake, alikutana uso kwa uso na Bi Sumali, akiwa kati ya safu mbili za askari na bendi nyuma yake.

"Bwana Kesang! Unakwenda wapi?"

"Kwenu. Na wewe?"

"Kwenu."

Wakatazamana.

"Na biashara?" aliuliza Bi Sumali. "Amebaki nani?"

Bwana Kesang alifungua kinywa kujibu, lakini bendi mbili zikaanza kupiga nyimbo mbili za taifa kwa pamoja, na kila mmoja akasukumwa mbele kwa heshima.

*

Nyumba ya Wageni wa Dhamana ilijengwa ukingoni kabisa mwa mto. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na zulia, na mito ya hariri, na dirisha kubwa lenye nondo zilizopakwa rangi ya dhahabu. Mlango wake haukuwa na kitasa upande wa ndani.

"Ni kwa ajili ya heshima," alieleza Bwana Pravong, Ofisa Ukarimu wa Sankhiri, mtu mnene mwenye tabasamu lisilofika machoni. "Mgeni wetu hafungui mlango mwenyewe. Tutakufungulia sisi."

"Na nikitaka kutoka?"

"Kwa nini utake kutoka?" Bwana Pravong aliuliza, na tabasamu likapungua kidogo. "Kuna lililokuudhi? Niandike kwamba mgeni ameudhika?"

"Hapana, hapana! Usiandike."

Bwana Kesang aliketi kitandani, na kisigino chake kikagusa kitu. Akainama. Chini ya kitanda palikuwa na ndara za kiume, zimepangwa pamoja vizuri kama mwenyewe kazivua jana.

"Hizi za nani?"

Bwana Pravong alizitazama, kisha akatazama dari. "Za mgeni aliyekutangulia. Muuza kamba kutoka Pelanga. Tulikuwa na mkataba kama huu na Pelanga. Kamba zilishuka."

"Alirudi kwao?"

"Alirudi."

"Bila ndara?"

Bwana Pravong alinyoosha zulia kwa ncha ya kiatu. Hapo Bwana Kesang aliusikia mto kwa mara ya kwanza, ukipita chini ya dirisha kwa mngurumo wa mnyama anayekula. Tangu saa ile hakuacha kuusikia. Aliusikia alipokunywa chai na alipoomba dua. Na kila ulipobadilika sauti kidogo, kwa sababu ya mvua ya milimani au gogo lililokwama, aliinuka kwenda kuchungulia dirishani.

Miezi ya kwanza alilishwa kwa takwimu. Kifungu cha mkataba kilisema mgeni ale kwa kadiri ya biashara inavyokua, na redio za nchi zote mbili zilitangaza kila wiki kwamba biashara imekua. Ikitangazwa imekua kidogo, aliletewa kuku. Ikitangazwa imekua maradufu, aliletewa mbuzi. Siku Dakta Tolbeg alipohutubia kwamba ukuaji umevuka matarajio yote ya binadamu, wapishi walileta mbuzi, bata, sinia tatu za wali na keki yenye umbo la daraja, wakasimama kuhakikisha anamaliza.

"Nimeshiba, jamani. Hakika nimeshiba."

"Unasema biashara haijakua?" aliuliza mpishi mkuu.

Bwana Kesang akala daraja lote. Alikula huku machozi yakimtoka, maana yeye, tofauti na redio, alikuwa na dirisha. Dirishani aliliona daraja lenyewe, na juu yake hakuona mtu.

"Bwana Pravong," alinong'ona siku moja, "mbona hakuna anayevuka? Wale wauza chumvi je? Wauza vitambaa?"

Ofisa alitega sikio mlangoni kabla ya kujibu. "Wamejificha. Kila mtu ameona wewe na Bi Sumali mmepelekwa wapi kwa kosa la kufaulu. Sasa ukiingia dukani Sankhiri ukauliza chumvi, mwenye duka anaapa hajawahi kuiona chumvi. Kuna mmoja pale sokoni ameandika mlangoni, *Hapa hapauzwi kitu, na kilichouzwa zamani kilikuwa bahati mbaya.* Mimi mwenyewe nilitafuta kitambaa cha suruali, nikauziwa uchochoroni, nyuma ya mwanamke aliyejifanya anajifungua."

"Na Bi Sumali? Yu mzima?"

"Yuko ng'ambo, katika nyumba kama hii. Nasikia ya kwenu ina zulia jekundu."

"Nayo iko kando ya mto?"

"Mto ni huohuo mmoja, Bwana Kesang."

*

Hatimaye ikaja Kamati ya Pamoja ya Kupima Ujirani. Wajumbe walifika darajani na tepu za kupimia, miavuli na mpiga picha, wakakuta majani yameota kati ya mbao, na mbuzi mmoja amelala katikati ya mpaka, kichwa Lamdora na mkia Sankhiri. Walijaribu kumhesabu mbuzi kama bidhaa inayosafirishwa. Wakabishana muda mrefu kama anatoka au anaingia. Mbuzi akaamka, akajinyoosha, akarudi alikotoka, na kamati haikuwa na la kufanya ila kuandika kwamba biashara imeshuka.

Mchana ule Bwana Kesang aliletewa nusu kikombe cha uji. Bwana Pravong aliuleta mwenyewe. Hakuwa na tabasamu lolote.

"Biashara imeshuka," alisema.

"Imeshuka kwa sababu mlitufungia sisi wawili tuliokuwa tukiifanya!" alisema Bwana Kesang. "Hakuna aliyeliona hilo?"

"Tafadhali, punguza sauti. Kila mtu ameliona. Lakini mkataba ni kazi ya marais wawili, na kazi ya rais haina kosa. Kwa hiyo kosa ni la mgeni. Kilichobaki ni kujua mgeni yupi." Akatoa karatasi nyeupe, kalamu, bahasha na kijiti cha lakiri nyekundu, ile nta ya kufungia barua, akavipanga mezani. "Kamati imekuwa na huruma. Kila mgeni anaruhusiwa barua moja. Ueleze jinsi Bi Sumali alivyoihujumu biashara. Yeye naye ameambiwa aeleze jinsi ulivyoihujumu wewe. Barua itakayofungwa lakiri kwanza na kutumwa, ndiyo itakayoaminiwa. Mwenye barua hiyo atapita darajani."

"Na mwingine?"

Bwana Pravong alitazama ndara chini ya kitanda.

"Yeye ameshapewa karatasi?" aliuliza Bwana Kesang.

"Tangu asubuhi. Mimi nimechelewa, nilikuwa natafuta lakiri dukani na kila duka likakana. Andika, bwana! Andika chochote! Andika kwamba sahani zake zilikuwa na picha za kutukana serikali. Andika kwamba alikuwa akikohoa upande wenu wa daraja kwa makusudi. Nakuombea uwe wa kwanza, hakika, mimi nimekuzoea."

Bwana Kesang alichukua kalamu. *Bi Sumali ni*, aliandika, akasita. Ni nini? Ni mkaidi. Ni mcheshi kupita kiasi. Siku moja alirudi kutoka kwake mpaka darajani, mvua ikinyesha kama ndoo, kumletea sahani moja iliyosahaulika kwenye majani ya kufungashia, akamwambia, "Usije ukanitangaza mwizi huko kwenu, mwembamba wewe." Bwana Kesang alitafuta kosa lolote la kuliandika na hakulipata, akajua kwamba lazima alitunge. Akalitunga. Lilikuwa kosa zuri, lenye majasusi ndani yake. Alikuwa na nafasi ya kuliandika, na wino ulikuwa tayari kwenye kalamu.

Nje mto ulinguruma. Alimwona kwa mawazo Bi Sumali ng'ambo ya maji, ameinamia karatasi kama hii, kalamu mkononi, akifikiri, *Kesang ni*. Huenda ameshamaliza. Huenda tarishi wake ameshatia mguu darajani. Hakuwa shujaa na hakujidanganya kwamba ni shujaa. Alitaka kuishi, alitaka mikate ya Pemala, alitaka kufa akiwa mzee sana, akiwa amevaa viatu.

Kisha likamjia wazo lisilo la kishujaa hata kidogo. Aliikumbuka tangawizi. Mavuno yote ya mwaka yalikuwa ghalani, mvua zimeanza, na hakuna mtu aliyeigeuza. Itakuwa imeota ukungu, yote, ile nzuri ya juu na ile ya chini. Hasira ikampanda, hasira ya mfanyabiashara anayeona mali ikioza kwa upumbavu wa watu wengine, na katika hasira ile hofu ilimwachia mkono kwa muda mfupi. Akalifuta lile neno *ni*. Akaandika haraka.

Bwana Pravong alipoichukua barua kuisoma, kama kazi yake ilivyomtaka, midomo yake ilitembea polepole.

*Bi Sumali, baada ya salamu. Ghala langu ulijue ni lile lenye mlango wa bluu, walinzi wakusindikize, Pemala atakufungulia. Igeuze tangawizi, iliyooza itupe, nzima uilete darajani, itauzwa kwenu. Mimi nami nitasindikizwa, nitafungua banda lako la sahani, nitazifunga kwa majani makavu kama unavyopenda, nitazileta darajani, zitauzwa kwetu. Kila mmoja aitunze mali ya mwenzake kama yake. Nijibu haraka, mvua haingoji. Ni mimi, Kesang.*

"Nini hii?" alisema Bwana Pravong. "Lawama iko wapi?"

"Hakuna lawama. Ni oda."

"Oda! Nimekupa karatasi ya kujiokoa, wewe unaagiza mali?"

"Mkataba unakataza mgeni kuagiza mali?"

Bwana Pravong alitoa mkataba mfukoni, akaupekua mbele na nyuma. "Haukatazi," alisema. "Hakuna aliyefikiria kwamba biashara itafanywa."

"Basi hii ndiyo biashara. Ni ya kwanza tangu mkataba usainiwe. Imeandikwa, inangoja lakiri. Ukiipeleka, biashara imekua. Ukiizuia..." Bwana Kesang aliisogeza bahasha na lakiri mbele ya ofisa. "Ukiizuia, Bwana Pravong, aliyeizuia biashara ni nani?"

Ofisa Ukarimu alitazama mlango, akatazama dirisha. Kisha macho yake yalishuka taratibu mpaka miguuni kwake mwenyewe, kwenye viatu vyake vyeusi alivyovipiga rangi asubuhi ile, na uso wake ukawa na rangi ya uji.

"Na kama yeye ameshaandika?" alinong'ona. "Kama ameshakushtaki?"

"Basi oda itamkuta ameshaandika. Mimi ninachojua, hajawahi kuacha oda yangu bila jibu."

"Ndicho unachokitegemea? Hicho tu?"

"Sina kingine."

Bwana Pravong aliwasha kiberiti. Cha kwanza kikazimika, na cha pili pia. Cha tatu Bwana Kesang alikikinga kwa viganja vyake viwili, na kwa pamoja waliushikilia moto chini ya lakiri mpaka ikaanza kudondoka juu ya bahasha, nyekundu na nzito. Ofisa aligandamiza muhuri wa dola ya Sankhiri, na kwa kuwa mkono wake ulikuwa ukicheza, mgeni wake alimshika kifundo mpaka lakiri ikakauka. Kisha Bwana Pravong akagonga mlango, ukafunguliwa kwa nje, akampa tarishi barua akamwambia akimbie. Bwana Kesang alisimama nyuma ya nondo za dhahabu akisikiliza viatu vya tarishi vikigonga mawe, kisha vikigonga mbao za daraja, mpaka sauti ya mto ikavifunika.